Makofi Yaliyomsubiri Saldon

Kwetu mgeni akikaribishwa chai hukataa kwanza. Anasema hapana, nimekunywa nyumbani, anafunika bakuli kwa kiganja. Mwenye nyumba anasogeza birika, mgeni anasogeza bakuli, na wakishavutana hivyo mara mbili tatu ndipo anapokea, kama mtu aliyeshindwa nguvu. Anayepokea mara ya kwanza huonekana hakufundwa, au ana njaa ya tangu mwaka jana.

Mjukuu wangu Saldon alikuwa anapokea mara ya kwanza.

Kwa jirani yangu Yudon alipokea bakuli la kwanza la chai ya siagi kabla Yudon hajamaliza kumkaribisha. Akapokea la pili. La tatu alilinywa huku jasho likimtoka, na ile siagi ya Yudon haikuwa ya juzi wala ya majuzi. Yudon akanitazama, akalitazama birika lake lililobaki jepesi, akasema, "Saldon mwanangu, huko kwenu juu watawa hawapewi maji?" Saldon akacheka na wengine. Tulipotoka alitapika nyuma ya ghala la kuni, nami nikamshikia shuka lake jekundu lisichafuke.

Saldon ni mtawa wa kike. Nyumba yao ya utawa iko juu ya mtaa wetu wa milimani, ukipanda ngazi za mawe zilizopakana na misonobari, mahali ambapo nyani hukaa wakingoja sadaka za unga. Mama yake, binti yangu, huteremka mji wa Ludhiana kila baridi ikikaribia kuuza sweta, kama nilivyofanya mimi hadi magoti yalipokataa. Kwa hiyo siku za mapumziko mtoto huja kwangu. Ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Maneno mengine humtoka vizuri tu, hasa akiimba sala na wenzake, lakini mengine humsimamia mlangoni mwa mdomo, na macho yake hufumba kidogo kama mtu anayepita kwenye moshi.

Sasa, huko juu kazi yao kubwa kila siku baada ya masomo ni mabishano. Msidhani ni ugomvi. Mmoja anaketi chini kwenye mkeka. Huyo ndiye mwenye kauli, na kauli yake lazima aitetee. Mwingine anasimama mbele yake, anauliza, na kila swali analimaliza kwa kukanyaga mguu na kupiga kiganja juu ya kiganja, pwa! Swali halijaulizwa mpaka viganja vilie. Aliyeketi haruhusiwi kuhutubia. Ana majibu machache tu: nakubali, kwa nini, sababu si kweli, haifuati, yaani hilo halitokani na hilo. Akitakiwa maelezo hutoa, mafupi. Akichelewa, wote wanaotazama wanapiga kelele, haya, haya, haya! Na akikubali leo kitu kinachopingana na alichokikubali jana, wanamzomea, "Tsa!" Neno hilo likikupata, hata ukilala unalisikia.

Vuli iliyopita Saldon aliketi, na mbele ya watawa wa kike wa nyumba zote zilizokuja kwenye mkutano wa kila mwaka alikubali kwamba farasi mweupe ni rangi.

Farasi, ndugu zangu. Watoto wanaoanza kusoma wanajua kwamba farasi ni mnyama, na weupe ndio rangi. Lakini aliulizwa upesi upesi, akajibu "nakubali", akaulizwa jingine, "nakubali", na mwisho wake ikawa rangi ina kwato na inakula majani. "Tsa!" ilivuma hadi huku chini kwetu. Miezi mingi baadaye wasichana wadogo wa jikoni walikuwa bado wakimpita wanalia kama farasi.

Mwaka huu, kabla ya mkutano, mwalimu wao Gen-la Tharchin alimwita. Gen-la, ndivyo tunavyowaita walimu, ni mzee mwembamba, ana sauti ya chini, na sijapata kumsikia akimdharau mtu. Alimwambia, "Safari hii tutabishana juu ya muda, na atakayeketi kwa ajili ya nyumba yetu ni wewe. Nimesoma maandishi yako, unajua. Lakini elimu yetu hii inapitia mdomoni. Ukikwama kama mwaka jana nitakutoa darasa la mabishano, uende chumba cha tofu ukakamue maziwa ya soya. Na huko si jela. Tofu inalisha watu."

Aliniletea habari hiyo Jumapili. Hakulia. Aliosha vyombo vyote vya jikoni kwangu, na vile vilivyokuwa safi pia, kisha akaketi kwenye kiti kifupi karibu na jiko.

Nilikuwa nakanda unga wa tambi. Nikamuuliza, "Huo muda mnaoubishania, unabishaniwaje? Muda si unapita tu?"

Akachangamka. Ukitaka kumwona Saldon akiwa mzima, muulize alichosoma.

"Bibi, ki-kile kipande kidogo kabisa cha muda, unadhani kipo?"

"Kidogo kama mbegu ya ufuta?"

"Kidogo zaidi. Kidogo hata hakikatiki."

Nikafikiri. "Basi kipo. Lazima pawe na mahali kisu kinagota."

"Haya. Hicho ki-kipande chako kina mwanzo?"

"Kila kitu kina mwanzo."

"Na mwisho?"

"Na mwisho."

"Mwanzo wake na mwisho wake ni ki-kitu kimoja?"

Hapo nikaacha kukanda. Nikasema, "Vikiwa kitu kimoja, kitakuwa kimeanza hapo hapo kilipoisha. Hakijapita. Basi si muda, ni hewa."

"Na vi-vikiwa vitu viwili?"

"Basi kina huku na kina kule. Kinakatika." Nikautazama unga. "Ala! Mbona umeninyang'anya mbegu yangu ya ufuta?"

Akacheka hadi akashika mbavu. Nami, kusema kweli, nilibaki na unga mikononi nikiutazama kama sijawahi kuuona. Nimeishi na muda miaka yote hii, nimeusubiri vituo vya basi, nimeulaani sokoni, na sikujua kwamba ukiushika kidogo tu unateleza hivyo. Na aliyenionyesha ni huyu niliyemfunga nepi.

Nikakata tambi, akazitia kwenye maji. Halafu nikamuuliza lile nililokuwa nalo moyoni. "Mjukuu wangu, mtu mwenye akili hii alikubali vipi kwamba farasi ni rangi?"

Akakoroga sufuria muda mrefu.

"Sikukubali," alisema. "Nilisema na-nakubali."

"Tofauti ni nini?"

"Bibi, kukubali kwa lugha yetu ni neno fupi. Ni pumzi tu. U-unafungua mdomo limetoka. Haya mengine ya kukataa ni marefu, yote ya-yanaanza na zile sauti zinazonishika. Watu wanapiga kelele haya, haya, haya, na lile neno fupi li-liko pale pale karibu. Nalisema ili wanyamaze."

Ndipo nikakumbuka yale mabakuli matatu ya chai.

"Na kwa Yudon?"

Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa na muda na nyuzi za sufu za kufumia. Nikasema, "Haya. Nikufumie soksi za rangi ya waridi?"

Mtawa haruhusiwi kuvaa waridi. Si dhambi kubwa, lakini haipendezi, ni kama sherehe kwenye matanga. Akafumba macho, akashindana na neno la kukataa, shingo ikamvimba, kisha likatoka lile fupi.

"Nakubali."

"Basi nafuma."

"Bibi!"

"Umekubali. Kwenye mkeka ukikubali si unabanwa nalo? Hata hapa."

Nikafuma kweli, waridi ya kuwaka, ile ambayo hata Ludhiana hainunuliwi ila na maharusi. Akazivaa, maana kauli ni kauli. Siku mbili alitembea nazo nyumbani, na Yudon alipoziona alisema, "Naona mmeposwa!"

Baada ya hapo tukaanza kazi. Kila nilichompa nilitaka akikatae. Nikusukie nywele? Hana nywele, kichwa kimenyolewa. Nikuwekee pilipili kwenye chai? Nikuozeshe kwa dereva wa lori la Amritsar, ana meno yote? Nami nikishauliza, nanyamaza. Hilo ndilo jambo pekee nililolijua. Watu wengi wanadhani kumsaidia mwenye kigugumizi ni kummalizia neno lake, au kumwambia pole pole, vuta pumzi. Binti yangu hufanya hivyo, na ni kwa upendo. Mimi nilikaa nikifuma. Nimewahi kukaa barabarani na rundo la sweta toka asubuhi, mteja anashika, anaweka, anaondoka, anarudi; kusubiri neno moja la mtoto ninayempenda si kazi hata kidogo. Linakuja. Wakati mwingine uji ulikuwa unaungua na neno halijafika, basi uji unaungua.

"Ha-ha-ha," alisema siku ile ya dereva wa lori, na mimi nafuma, "ha-hapana."

"Ana meno yote lakini."

"Ha-hapana, Bibi, hata a-akiwa na ya ziada."

Nikajua tunafika.

Mkutano ulipoanza watawa walijaa kila chumba, wengine wakalala darini. Walitoka mabonde ya mbali, Kinnaur, Spiti, wengine Zanskar, na mmoja wa Zanskar aliyetajwa sana aliitwa Rigzin. Mrefu, mashavu yamepasuliwa na baridi ya kwao, na viganja vyake vikilia kunguru wanaruka msonobarini. Walisema kwao amemshinda kila mtu. Na huyo ndiye aliyepangiwa Saldon, siku ya mwisho, asubuhi, mbele ya wote.

Sisi wanawake wa mtaa hukaa nyuma, kwenye ukingo wa uwanja, na mashada yetu ya shanga za sala na chupa za chai. Yudon alikaa kushoto kwangu. Saldon akaja, akaketi kwenye mkeka, akavua viatu, akakunja miguu, na pindo la vazi lilipopanda nikaona waridi inawaka. Alivaa soksi zile! Asubuhi ilikuwa na barafu kwenye ndoo, na soksi zake nyingine zilikuwa zimelowa. Nikajifunika uso.

Rigzin akasimama, akasukuma shada lake la sala hadi kwenye kiwiko, akamtazama kichwani, akashuka taratibu mpaka miguuni.

"Naona leo tunajibiwa na bibi harusi," alisema. Uwanja ukacheka. Hiyo inaruhusiwa, utani ni sehemu ya mchezo. Saldon naye akacheka, nami nikapumua.

"Muda una kipande kidogo kabisa kisichokatika?" Pwa!

"Hakuna."

"Hakuna! Lakini vitabu vya kale vinasema mtu mwenye nguvu akidatisha vidole, ndani ya mdato ule mmoja kuna nyakati ndogo sitini na tano. Zimehesabiwa. Kinachohesabika kina kipande kidogo kabisa, vinginevyo ungehesabu nini? Unakubali!" Pwa!

Niliona mdomo wake ukienda kwenye lile fupi. Niliona. Nyuma yetu wakaanza, haya, haya. Akafumba macho.

"Ha-haifuati."

"Kwa nini?" Pwa!

"Hatua za kutoka ha-hapa hadi jikoni zinahesabika. Na kila hatua ina ki-kisigino na ina ncha ya kidole."

Kukawa na mnong'ono, mmm, kama nyuki wakihama. Rigzin akarudi nyuma hatua moja, akaitazama hatua yenyewe, kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Nilimpenda hapo hapo. Kuna watu wakijibiwa vizuri wanakasirika. Yule alikuwa kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokitarajia.

Akabishana naye hivyo kitambo, kutoka mto hadi mshale, kutoka mshale hadi moto wa kijiti unaozungushwa gizani ukaonekana duara. Mengine sikuyaelewa. Saldon alijibu, mara upesi, mara kwa kusubiriwa, na lile neno fupi alilitumia pale tu alipolitaka. Gen-la Tharchin alikuwa ameketi pembeni akisogeza punje za shada lake, macho chini, huwezi kujua anafikiri nini.

Kisha Rigzin akainua mikono.

Aliinua mkono wa kulia juu ya bega, wa kushoto akautanguliza mbele, kama kawaida yao, lakini hakuupiga. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesimulia.

"Tazameni mikono yangu. Kabla haijakutana lazima ipite nusu ya njia." Akaushusha wa kulia nusu. "Imebaki nusu. Kabla ya kuimaliza lazima ipite nusu yake." Akashusha tena. "Imebaki. Na hiyo iliyobaki ina nusu." Akashusha kidogo. "Na hiyo nayo." Kidogo tena, kama upana wa kidole. "Wewe umesema hakuna kipande kisichokatika. Basi nusu hazitakwisha. Daima itabaki nyingine. Basi viganja havikutani kamwe, na tangu asubuhi sijapiga kofi hata moja. Unakubali..."

Na mkono ukabaki hapo, juu ya mwenzake, haujagusa.

Hapo pabaya ni pande zote mbili. Akisema nakubali, amekubali kwamba makofi tuliyoyasikia wote hayakulia. Ni farasi mweupe mwingine. Na neno la kukataa, niliona kwa shingo yake, safari hii lilikuwa limeshikwa kuliko siku zote. Mdomo ulifunguka. "Ha..." Halafu hakuna.

Tulisubiri. "Ha... ha..."

"Haya!" mmoja akapiga kelele nyuma. Na wengine wakadakia, wanapiga makofi, haya! haya! haya!

Yudon akaniegemea sikioni. "Basi tena. Mtoto atakamua tofu."

"Nyamaza, Yudon."

"Namwonea huruma tu, dada."

Saldon macho ameyafumba, magoti ameyashika kwa mikono, na vidole vya miguu ndani ya zile soksi za waridi vimejikunja. Neno fupi lilikuwa pale. Nililiona, kama unavyomwona mbwa mlangoni anayesubiri ufungue. Ilikuwa aseme tu, wanyamaze.

Ndipo Rigzin akageuza shingo. Mikono haikusogea; shingo tu. Akawaambia wale wa nyuma, kwa lafudhi yao ile ya Zanskar inayokokota, "Mnamharakisha nini? Mimi sijamuuliza."

Wakapunguza kelele, hawaelewi.

"Swali linaisha viganja vikilia. Mmesikia vikilia? Vimebakiza nusu. Basi hajachelewa. Kama kuna aliyechelewa ni mimi. Nizomeeni mimi."

Kicheko kikapasuka, cha ghafla, hata Gen-la akainua macho. Kilipokwisha watu wakakaa vizuri. Na Rigzin akarudisha macho kwa Saldon, akasubiri, mkono umening'inia juu ya mkono.

Sijui kama mmewahi kushika mkono hewani hivyo. Jaribuni. Baada ya kitambo kiwiko kinaanza kutetemeka. Cha Rigzin kilitetemeka. Shada la sala likateleza likashuka hadi kifundoni, hakulirudisha. Alikuwa mshindani. Alikuja kushinda, nyumba yake nzima ilikuwa pale nyuma imekaa imekunja mikono. Angeshusha tu mkono upana wa kidole, shughuli ingekwisha. Na alikaa akimtazama mjukuu wangu kwa subira niliyodhani naijua mimi peke yangu katika dunia nzima.

"Ha," alisema Saldon. "Ha-i. Hai. Haifu..."

Lilikuja kama mtu anayeshuka ngazi zenye barafu, mguu mmoja, halafu mwingine, anashika ukuta.

"...ati. Haifuati."

Pwa!

Kunguru wote waliruka. Wanawake tukaruka. Gen-la Tharchin akaangusha shada lake, akacheka kwa sauti, mara ya kwanza maishani mwangu kumsikia. "Amejibu kabla ya kuulizwa!" alisema.

"Kwa nini haifuati?" Rigzin alikuwa tayari amesharuka mbele, anasugua kiwiko huku anauliza. Huruma haikumpunguzia makali hata chembe. Pwa!

"Kwa sababu umekata njia, u-ukaacha muda mzima. Nusu ya njia ina nusu ya muda wake. Nusu ya nusu, na-nayo ina yake. U-unavyokata huku, na kule kumekatika. Mikono yako haihitaji muda usio na mwisho. Inahitaji ule ule mfupi, uliokatwa vi-vipande vingi." Akameza mate. "Unga ukiukata tambi elfu, ha-hauongezeki. Sufuria ni ile ile."

"Sufuria!" akasema Yudon. "Hiyo tambi ni ya kwako, dada!"

Tambi ilikuwa yangu, lakini mimi sikuwahi kuona ndani yake kitu kama hicho. Niliikata miaka yote nikaila.

Rigzin alizunguka, akasimama upande wa pili wa mkeka. "Haya, nimekubali mikono inakutana. Nionyeshe basi kipande cha mwisho kabisa, kile kilichogusana na kofi. Kipo?" Pwa!

"Hakuna."

"Hakuna! Basi kati ya mwendo na kofi pana pengo, mikono imeruka kama chura. Unakubali!" Pwa!

Wakaanza tena huko nyuma, haya, lakini kidogo, kwa aibu, na wengine wakawanyamazisha, shh. Saldon hakufumba macho safari hii. Alimtazama Rigzin, na neno likachukua muda wake.

"Ha-haifuati."

"Kwa nini?"

"Ukikitafuta kipande cha mwisho, hu-hukipati. Ukitafuta cha kwanza, hukipati. Usipotafuta, vi-viganja vinalia. Hakuna pengo. Kuna ku-kutopatikana tu."

Rigzin akainua mikono tena. Akaitazama mikono yake, mmoja, halafu mwingine, kama ni ya mtu mwingine aliyemwazima. Kisha akaishusha taratibu bila kuipiga, akavuta vazi lake begani, akamwinamia Saldon.

"Nina jibu la hilo," alisema, "ila liko Zanskar. Mwakani nitalileta." Na uwanja ukalipuka.

Baada ya sala walileta chai kwa mabirika makubwa ya aluminiamu, wasichana wa jikoni wawili wawili wakikimbia kwenye safu. Hakuna aliyelia kama farasi. Sisi wa mtaa tulisogea mbele. Nilitaka kumgusa tu. Lakini kabla sijamfikia nilimwona Gen-la Tharchin akiwanyang'anya wasichana wawili birika lao, mzee wa watu, akaja nalo mwenyewe hadi kwenye mkeka wa Saldon. Walimu hawamiminii wanafunzi chai kwetu. Sijawahi kuona, na Yudon, ambaye ameona kila kitu, alisema hajawahi.

"Chai," alisema Gen-la.

Saldon akaweka kiganja juu ya bakuli lake. Mtu yeyote, kwa mwalimu, tena mwalimu mwenyewe kashika birika, angepokea haraka kwa hofu. Yeye akafunika bakuli.

"Ha," alisema. "Ha-ha..."

Birika lile lina uzito. Likijaa wasichana hulibeba wawili. Gen-la alilishika kwa mikono yote miwili, mvuke unampanda usoni, miwani imefunga ukungu, na hakusema kunywa mwanangu, wala hakusogea. Nyuma yake mstari mzima wa watawa ulikuwa na kiu.

"Ha-hapana, Gen-la. Ni-nimeshakunywa."

"Kidogo tu," alisema Gen-la, na kulisogeza.

"Ha-hapana, asante."

"Nusu bakuli."

Hapo Saldon akamtazama, nao wakaelewana jambo, maana wote wawili walikaribia kucheka. Akaondoa kiganja, kama mtu aliyeshindwa nguvu. Gen-la akajaza bakuli mpaka ukingoni.

"Jumatatu darasani," alisema. "Utaketi mbele. Na mwambie bibi yako hizo soksi..." Akaziangalia, akatafuta la kusema. "Mwambie zina joto."

Kisha akalirudisha birika kwa wenyewe, akaondoka akisugua mikono.

Rigzin alikuwa ameketi pembeni, amenyoosha mkono wa kulia juu ya goti, akikanda kiwiko. Nilipita kwake kwanza kabla ya mjukuu wangu. Nilimletea mkate wa shayiri nilioufunga kwenye leso, nikamwambia, "Mwanangu, chukua."

"Hapana, Bibi, nimeshiba."

"Chukua."

"Hapana, kweli."

"Mkono huo unakuuma?"

"Hauumi."

Nikasogeza tena, akakataa tena, na mara ya tatu akapokea, akamega, akala. Nikamuuliza kama angependa soksi, baridi ya kwao najua si mchezo. Akaniangalia kwa jicho la utani.

"Rangi gani?" alisema.